Kabla Ziwa Halijafungwa Tena: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Kalambo na Nkasi

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri za Wilaya za Kalambo na Nkasi,
Mkoa wa Rukwa.

Nakala: Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, Sumbawanga.

YAH: KUMBUKUMBU ZA WAVUVI WA MWAMBAO WA ZIWA TANGANYIKA NA NAFASI YAKE KATIKA MAAMUZI YENU

Waheshimiwa,

Mimi ni mtoto wa mwambao ninayeishi Sumbawanga, na ombi langu kwenu ni moja. Kabla ya tangazo lingine la kupumzisha ziwa, na kabla wapimaji hawajaweka vigingi vingine ufukweni, itisheni wazee na akina mama wa Kasanga, Muzi, Samazi, Kala, Wampembe, Ninde, Kipili, Kirando na Kabwe. Kaeni nao. Wanachokikumbuka kuhusu ziwa kiandikwe katika kitabu kinachotunzwa ofisi ya kijiji, na kitabu hicho kisomwe kwenye vikao vyenu kwa uzito uleule mnaoipa taarifa ya mtaalamu.

Najua tangazo la kufunga ziwa linatoka wizarani, wala si halmashauri inayoliamua. Lakini ofisa uvuvi anayelipeleka kijijini ni wenu. Ushuru wa samaki unaingia kwenye mapato yenu ya ndani. Sheria ndogo zinapitishwa na ninyi. Na diwani wa kata ya mwambao ndiye mtu pekee kwenye baraza lile anayeweza kusimama na kusema: sisi tunalijua ziwa hili tangu enzi za mababu, tuulizwe. Ndiyo maana barua hii imekuja kwenu na haikwenda Dodoma.

Sisi tunaoishi uwandani tumezoea kuliona ziwa kama ukingo wa mkoa, mahali ambapo barabara inakwisha. Uwanda wa Ufipa uko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko mita 770 na kitu. Kati ya viwili hivyo kuna mteremko mkali ambao kwa miaka mingi ulimfanya mgonjwa wa Kasanga kuiona hospitali ya Sumbawanga kama iko nchi nyingine. Leo lami inapita Matai mpaka bandarini, na tunashukuru. Lakini macho yetu hayajateremka na hiyo lami. Mahindi, maharage na ulezi vinashuka. Dagaa na migebuka wanapanda. Mlaji wa Sumbawanga ananunua fungu lake sokoni na hana haja ya kujua nani alikesha majini kumpatia.

Hata historia tuliyofundishwa ni ya uwandani. Tumefundishwa ufalme wa kale wa Milansi, na watawala wa Nkansi na Lyangalile. Tumefundishwa Wangoni, na kiongozi wao Zwangendaba aliyefia Ufipa katika miaka ya 1840. Tumefundishwa tanuri ndefu za udongo zilizoyeyusha chuma, na matuta ya intumba yanayorutubisha shamba kwa majani yaliyofukiwa. Yote ni urithi mkubwa na sina ugomvi nao. Ila humo ndani ziwa halimo, na mvuvi hayumo.

Ajabu ni kwamba kuna wakati uwanda huu wote ulitawaliwa kutoka mwambaoni. Wajerumani walijenga boma lao Kasanga, wakapaita Bismarckburg, na kwenye ramani zao nchi yote hii ikawa Wilaya ya Bismarckburg. Mfipa wa Sumbawanga aliyeitwa na serikali alishuka ziwani. Ilikuwa hivyo hadi Juni 1916, wakati majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yalipolizunguka boma kwa nchi kavu, na mashua zao za vita zikafika upande wa maji. Askari wa Kijerumani wakatoroka usiku kwa vyombo vidogo, wakapita. Vitabu vya vita ile vinawataja maofisa wa pande zote mbili, vinabishana nani alizembea kuwazuia. Waliovuta makasia usiku ule hawatajwi. Baadaye makao ya utawala yakapanda mlima, na Kasanga ikabaki na kuta.

Mgeni akifika Kasanga leo anaoneshwa kuta hizo, kisha anasimuliwa meli. Na meli ina kisa kweli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye makasha kwa bahari na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wenyewe wakaizamisha Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina ambalo Livingstone aliwasikia watu wa kusini wakiliitia ziwa lao alipofika huko Aprili 1867. Watu wa nchi za mbali wameiandikia vitabu na kuipiga filamu.

Lakini niwaulize, waheshimiwa, mnaokumbuka safari zile: Liemba ilifikaje vijijini? Kasanga palikuwa na gati. Kwenye vijiji vingine vingi vya Rukwa ilisimama kilindini, ikapiga honi usiku wa manane, na mitumbwi ikatoka ufukweni kuifuata. Mama mwenye mtoto mgongoni alipandishwa kwa mikono ya vijana waliosimama kwenye mtumbwi unaoyumba. Gunia la dagaa likapanda kwa kamba. Mgonjwa akashushwa kwa shuka. Gati za vijiji vile zilikuwa mitumbwi na mikono ya vijana. Bila wapiga kasia wa Wampembe na Kirando, meli ile ingepita tu kama taa inayosogea mbali. Meli ilipoacha kutoa huduma mwishoni mwa muongo uliopita, tulihesabu abiria na tani za mizigo zilizokosa usafiri. Kazi ile ya usiku, na ujuzi wake wa kusogeza mtumbwi ubavuni mwa chuma kikubwa bila kupinduka, hakuna aliyeihesabu. Waliokuwa vijana wakati huo sasa ni wazee, na kila mwaka tunazika wengine.

Nimeeleza hayo ili muone tunachokosa. Sasa nieleze kwa nini kukikosa kunatugharimu leo.

Chukueni suala la kufunga ziwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wetu wa Ziwa Tanganyika, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Nchi hizo zilisaini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja Dar es Salaam, Juni 2003, na mamlaka yao ina makao Bujumbura. Mimi naunga mkono ziwa kupumzishwa, na ninasema hivyo waziwazi ingawa kuna ndugu zangu watakaokasirika wakisoma. Samaki wamepungua, kila mtu mwaloni anajua. Makokoro yanayokomba mpaka vifaranga, nyavu za macho madogo kupita kiasi, mitumbwi inayoongezeka kila msimu: ziwa halibebi hayo yote milele, hata likiwa na kina cha mita 1,470.

Ninachopinga ni namna watu wa mwambao wanavyosemwa. Tangazo linakuja na lugha ya kwamba wavuvi hawajui kupumzisha maji, kwa hiyo wafundishwe. Hilo si kweli, na yeyote aliyewahi kuishi Muzi au Kipili analijua.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa mwanga. Kabla ya karabai kuenea, katikati ya karne iliyopita, mvuvi aliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, dagaa wakaja kwenye mwanga, akawateka kwa lusenga, wavu wake wa kuchotea wenye mpini mrefu. Ikaja karabai, ikaja mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu wa kushusha chini na kuuinua, na sasa zimekuja taa za betri na sola. Kilichobaki vilevile ni mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa hauna kazi; dagaa wametawanyika, na mvuvi anabaki nchi kavu akiziba nyavu na kutengeneza chombo. Kwa hiyo tangu enzi na enzi ziwa la dagaa limekuwa na likizo yake kila mwezi, na haikuhitaji askari. Taa kali za kisasa zimeanza kuila likizo hiyo pembeni. Hapo ndipo penye mazungumzo ya maana na wavuvi wenyewe: siku ngapi za mwezi mpevu zilikuwa za mapumziko wakati wa karabai, na ngapi zimebaki sasa? Wazee wanaweza kujibu, na jibu lao lingewasaidia kuandika sheria ndogo ambayo kila mvuvi angeielewa bila mkalimani, kwa sababu angeitambua kuwa ni ya nyumbani.

Kuna pia suala la upepo. Ziwa hili ni refu, karibu kilomita 670, na sisi tuko kusini kabisa. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki unavuma, unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huku kwetu maji baridi ya chini yanapanda kuziba pengo, yakiwa yamebeba rutuba. Rutuba hiyo inalisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea inalisha wadudu wa majini, wadudu wanalisha dagaa, dagaa wanalisha migebuka, na migebuka wanamsomesha mtoto wa Kasanga. Mnaona basi kwamba miezi ile ya kiangazi chenye upepo haifanani Kasanga na Kigoma. Mvuvi wa kusini ana msimu wake. Aulizwe ni lini hasa anaviona vifaranga vya dagaa karibu na ufuko, lini maji yanabadilika rangi, lini migebuka wanakuja nyuma ya dagaa. Pengine majibu yatathibitisha kwamba Mei hadi Agosti ni wakati mzuri wa kufunga upande wetu. Pengine yatasema vingine. Vyovyote yatakavyosema, yapelekwe wizarani na kwa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) yakiwa yameandikwa, yana jina la kijiji na mwaka, na yametiwa saini na mtendaji.

Watafiti nao, mkiwasoma vizuri, hawaweki mzigo wote kwa mvuvi. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonesha kwamba maji ya ziwa hili yamepata joto, upepo umepungua nguvu, na maji ya chini hayapandi kama zamani. Waliokadiria walisema uzalishaji wa ile mimea midogo umeshuka kwa takribani asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kuwa limepunguza samaki kwa kama asilimia 30. Mwaka 2016 watafiti wengine, waliochimba tope la sakafu ya ziwa na kuhesabu mabaki ya samaki, wakasema kupungua kulianza kabla hata uvuvi wa kibiashara haujaingia ziwani katikati ya karne ya 20. Maana yake mvuvi wa Samazi anafungiwa ziwa kwa kosa ambalo sehemu yake imetendwa na moshi wa viwanda vya nchi ambazo hatazikanyaga maisha yake yote. Anaweza kukubali kufungiwa, watu wetu si wakaidi. Lakini aambiwe ukweli wote, si nusu inayomwonesha yeye peke yake kuwa mharibifu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni maji yenyewe kupanda.

Mnakumbuka miaka ya 2020 na 2021. Ziwa lilipanda mpaka likameza fukwe, miti ya maembe ikasimama majini, nyumba zilizokuwa mbali na maji zikaingiwa mpaka sebuleni. Mwaka 2024 likapanda tena, likasumbua mwambao kuanzia huku hadi Kigoma na Bujumbura. Watu walisema halijawahi kutokea. Waliosema hivyo walikuwa vijana, na baadhi ya viongozi. Mzee aliyekuwa na akili zake wakati wa Uhuru alijua kwamba limewahi, maana mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 ziliyapandisha maji vibaya sana, na mwaka 1964 yalifika juu kuliko miaka mingi iliyotangulia.

Na kabla ya hapo kuna kisa kikubwa zaidi, ambacho mtoto wa shule ya mwambao hafundishwi. Katika karne ya 19 mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kwenda Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Maji yakajaa mwaka hadi mwaka. Msafiri Mwingereza Cameron alipita hapo mwaka 1874 akaukuta mdomo wa mto umefunikwa na mimea; miaka michache baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1870, kizuizi kikapasuka na maji yakakimbilia magharibi. Katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata ziwa likashuka kwa karibu mita 10. Fikirini mita 10, waheshimiwa. Ardhi ambayo leo tunaiita Muzi ya chini, au ufuko wa Kirando, sehemu yake ilikuwa majini wakati Wazungu wa kwanza wanapita. Vijiji vyetu vya mchangani vimesimama kwenye sakafu ambayo ziwa liliiacha juzi tu, kwa kipimo cha ziwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria nzuri. Lakini mita 60 kutoka wapi? Kutoka ufuko wa mwaka ambao mpimaji alikuja wakati wa kiangazi? Kutoka ufuko wa 2021? Kutoka ule wa 1964? Kipimo kikianzia pabaya, mtaivunja nyumba ya mtu ambaye maji hayamfikii, na mtampa hati mtu ambaye mjukuu wake atazamishwa. Na jibu la swali hilo halimo kwenye kompyuta ya idara ya ardhi. Liko kwa bibi anayeweza kunyoosha kidole na kusema: maji yalifika kwenye mwamba ule, mwaka niliomzaa fulani, tukahamia juu kwa shemeji zetu mpaka yakashuka.

Bibi huyo apelekwe na mpimaji mpaka kwenye mwamba. Mwamba utiwe alama ya rangi na mwaka. Kazi ya siku moja kwa kila kijiji, rangi debe moja. Sijui mradi mwingine wa bei ndogo hivyo ambao unaweza kuokoa nyumba nyingi hivyo.

Nimemtaja bibi kwa makusudi. Tukisema wavuvi tunaona wanaume na nyavu, halafu tunawaitia wanaume mkutano. Nusu ya kazi ya dagaa inaanza mtumbwi unapogusa mchanga alfajiri. Mwanamke ndiye ananunua kwa ndoo, anaanika mchangani au kwenye kichanja, anageuza, anaangalia mawingu, anaanua mvua ikitishia, anafunga magunia, anajadiliana bei na wachuuzi wa Sumbawanga, Tunduma na wale wanaovuka kwenda Mpulungu na Moba. Anajua mwaka gani ndoo ilikuwa rahisi na mwaka gani ilipanda. Mara nyingi ameiandika. Nendeni mkaangalie madaftari ya vikoba: nani alikopa, lini alilipa, lini alishindwa na kwa nini. Ukiyapanga madaftari hayo ya mwalo mmoja kwa mfuatano wa miaka, unapata historia ya samaki wa kijiji iliyoandikwa na watu walioguswa mfukoni, na watu wa namna hiyo hawakosei hesabu kirahisi. Bila shaka ni madaftari ya siri za watu. Yachukuliwe kwa ridhaa, majina yafichwe, ibaki miaka na bei.

Ni wanawake hao hao ziwa likifungwa wanapoteza kipato siku ileile na mvuvi, na hawatajwi kwenye tangazo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yenu, nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, ingeweza kupangwa ili fungu la kata za mwambao litoke kabla ya ziwa kufungwa, si miezi baada ya kufunguliwa. Hilo liko mikononi mwenu kabisa.

Kuhusu lile boma la Kasanga nitasema kidogo tu, maana najua wapo watakaodhani barua hii ni ya utalii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886. Boma la Mjerumani ni la baadaye, kwa hiyo kulilinda kunahitaji waziri mwenye dhamana alitangaze. Halmashauri ya Kalambo ingeweza kuomba. Mkiomba, ombeni na makaburi ya kale ya mwambao na mialo yenyewe, ili mgeni anayeshuka kutoka maporomoko ya Kalambo asioneshwe kuta za mtawala peke yake. Kule Kalambo, upande wa Zambia, wachimbaji walipata magogo yaliyochongwa na kupachikwa, yenye umri wa miaka kama 476,000, na dunia nzima ikashangaa habari hiyo ilipochapishwa mwaka 2023. Watu wameishi na kufanya kazi kando ya maji haya kwa muda ambao akili haiufikii. Hatuna sababu ya kuianza historia ya mahali hapa na bendera ya Kaiser.

Najua pingamizi zitakazotolewa barazani. Wapo watakaosema wazee husahau na huongeza chumvi. Ni kweli, na ndiyo sababu wazee wa kijiji huulizwa wakiwa pamoja, mmoja anamsahihisha mwenzake, na kisha maneno yao yanalinganishwa na vipimo vya maji na takwimu za samaki zilizopo. Wataalamu nao husahau, tofauti ni kwamba wao wana faili. Wapo watakaosema watu wa mwambao ni wa kuja, wengine wametoka Kongo wakati wa vita, wengine Kigoma, wengine Ukerewe wakifuata dagaa. Na hilo ni kweli pia. Mwambao umekuwa hivyo siku zote: Wafipa, Walungu, Wamambwe, Waholoholo na Wabembe waliovuka kutoka upande wa pili, Waswahili wa biashara, watoto wa misheni. Aliyefika jana na kubaki ana kumbukumbu ya jana, nayo inahitajika. Mvuvi aliyevua Moba au Kalemie kabla ya kufika Kirando anajua kilichotokea kule samaki walipokwisha.

Na wapo watakaosema hakuna fedha. Hapo sitakubali. Kila ndoo ya dagaa inayopanda mlima imelipiwa ushuru. Miaka yote hiyo mwambao umechangia madawati, zahanati na posho za vikao vya wilaya zetu. Sehemu ndogo ya ushuru wa msimu mmoja inatosha kununua madaftari magumu ya ofisi za vijiji, rangi ya kuandikia miamba, na nauli za walimu wa historia wa sekondari za kata kwenda na wanafunzi wao kukaa na wazee, kuuliza na kuandika. Wanafunzi wanaweza. Wapeni maswali ya kweli: maji yalifika wapi na mwaka gani, samaki gani walikuwepo na sasa hawaonekani, wapi palikuwa hapavuliwi na kwa nini, rasi ipi iliogopwa na mitumbwi ilipita vipi. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba wapiga kasia wa ziwa hili walitupa shanga majini walipopita rasi ya Kabogo. Kila mwambao ulikuwa na mahali pake pa heshima, na mara nyingi mahali pa heshima ni mahali ambapo samaki waliachwa wazae. Maofisa wa leo wanapotafuta maeneo ya mazalia ya kuhifadhi, wangeanzia hapo wangeokoa muda, na wangewakuta watu wako tayari kulinda kwa sababu babu zao walilinda.

Nawaomba pia jambo la adabu, ambalo halina gharama. Tangazo lijalo la kufunga ziwa lisiwafikie watu kwa gari la kipaza sauti wiki chache kabla. Lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji mapema, diwani akiwepo, ofisa uvuvi akiwepo, na kitabu cha kijiji kikiwa mezani. Lisomwe tangazo, kisha kisomwe kitabu. Watu waulize na wajibiwe. Malalamiko yaandikwe kwenye kitabu hichohicho, na ziwa likifunguliwa Agosti, mwezi mmoja baadaye mkutano urudiwe na wavuvi waseme wamekuta nini majini: dagaa wameongezeka au la, wakubwa au wadogo, karibu au mbali. Mkifanya hivyo miaka mitano mfululizo, Rukwa itakuwa na kumbukumbu za kusini mwa Tanganyika ambazo hata Bujumbura watazitaka.

Kikao cha kwanza nashauri kifanyike Kasanga, kwa sababu ndiko mambo mengi yalikoanzia na lami inafika. Kiwekeni siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu na vichanja vya akina mama vikiwa vitupu. Msiwaite Matai wala Namanyere, shukeni ninyi. Wazee wa Samazi wapewe boti, maana kwao njia ni ya maji. Na waheshimiwa mnaotoka kata za uwandani, ninyi hasa, njooni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa mwambao,
Sumbawanga.